Mwacheni Ocol, Tumzungumze Tina

Nimekaa kwenye midahalo mingi ya fasihi hapa Uganda, ya shuleni na ya vikundi vya wasomaji, na Lawino, yule mke anayezungumza katika shairi la Okot p'Bitek, Song of Lawino, akitajwa tu huwa najua jioni itakavyokwenda. Watu watagawanyika kambi mbili, hawa wa Lawino, wale wa Ocol, mumewe msomi. Mila huku, usomi kule. Chai itapoa, wanaume watapandishiana sauti, na Clementine, yaani Tina, mke mwenza wa Lawino, hatatajwa ila kwa kuchekwa. Mimi nasema Ocol amepewa heshima asiyostahili. Katika shairi lile yeye ni kisingizio. Jambo zito liko kati ya wanawake wawili wanaogawana mume, na vitabu vingi tunavyoviita vya mapenzi, ukivisoma bila haraka, utaona wanawake wake wanajuana kuliko waume zao wanavyowajua.

Okot p'Bitek alilitoa shairi hilo kwa Kiingereza mwaka 1966, likachapishwa Nairobi. Sehemu ya pili ndiyo inayomhusu Tina, na ndiyo watu wanayoikariri kwa kicheko: midomo myekundu kama kaa la moto, kinywa kama cha paka-mwitu aliyelamba damu, poda iliyopakwa hadi mtu adhani ni mchawi anayejiandaa kwa ngoma ya usiku wa manane, pamba iliyoshindiliwa kifuani. Ni matusi, sikatai, na yametungwa kwa ufundi mkubwa. Lakini hebu tazameni yule mtukanaji anajua mambo mangapi. Anajua Tina hali chakula. Anajua kwamba anaogopa kunenepa, kwamba daktari ndiye aliyemkataza, kwamba anaamini mwanamke mzuri sharti awe mwembamba kama Mzungu. Anatembea kama mtu ambaye kivuli chake kimetekwa, nyayo zake hazisikiki. Lawino ameyajuaje haya? Ama Tina mwenyewe amemwambia, ama yamemfikia kwa njia ya jikoni, kutoka mdomo hadi mdomo. Vyovyote iwavyo, kuna mazungumzo ya wanawake yaliyopita kabla shairi halijaanza, na Okot hakutuonyesha.

Kisha Lawino anafanya jambo ambalo kambi yake huliruka. Anaomba radhi. Anasema asidhaniwe anamtusi mke mwenzake, kumwona Tina kunamtia huruma. Papo hapo anakiri kwamba wivu kidogo anao, hakuna faida ya kudanganya. Huruma na wivu kwa mtu yuleyule, karibu kwa pumzi moja. Niambieni ni wapi anamzungumzia Ocol kwa ugumu wa namna hiyo. Ocol anapewa lawama, anapewa kumbukumbu za uchumba, mwishoni anaambiwa amwachie mkewe acheze mbele yake. Yanaeleweka hayo. Tina ndiye anayemsumbua akili.

Aliyewahi kukaa na wanawake wanaopika matangani, iwe Bombo au Arua, hatashangaa. Utawakuta wake wenza wawili wanachagua mchele kwenye sinia moja, na kila mmoja anajua maradhi ya mwenzake, deni lake, mtoto wake aliyerudishwa nyumbani kwa ajili ya ada. Wakigombana watagombana kwa siri hizohizo. Mume wao amekaa nje kwenye turubai na wazee, hana habari.

Liko jingine linalonigusa zaidi. Kabla hajaolewa, Lawino alikuwa kiongozi wa wasichana, na jina lake lilivuma kama baragumu kwa Wapayira, ukoo mmoja wa Waacholi. Utukufu wake wa kwanza aliupata miongoni mwa wasichana wenzake. Wako wapi sasa? Analalamika kwa ndugu wa ukoo, analalamika kwa mume, lakini lile kundi aliloliongoza halipo nyuma yake. Tumezoea kusema alichopoteza ni mume aliyelewa vitabu. Mimi naona ndoa ilishamtenga na wenzake kabla Tina hajaonekana.

Niende Uingereza kidogo, maana na huko tunasomeshwa vibaya. Kitabu cha Jane Austen kinachoitwa Pride and Prejudice, cha mwaka 1813, kila mtu anakumbuka Elizabeth na Darcy. Ninayemkumbuka mimi ni Charlotte Lucas, rafiki wa Elizabeth. Ana miaka 27, hana mali, hana sura ya kusifiwa. Collins, yule kasisi mpuuzi, anakataliwa na Elizabeth, na baada ya siku chache tu Charlotte anamkubali. Hatafuti mahaba, anatafuta nyumba yenye utulivu. Elizabeth anashtuka, anahisi kwamba kuaminiana kwao kumekwisha. Katika kitabu chote sioni kuvunjika kwa moyo kunakouma kama huku, hata kule kwa dada yake Jane na Bingley. Elizabeth alikuwa na uhuru wa kukataa, rafiki yake hakuwa nao, naye hakulijua hilo hadi siku ile.

Baadaye anakwenda kumtembelea Charlotte huko Hunsford. Anakuta mwenzake amejichagulia chumba cha kukaa upande wa nyuma ya nyumba, na anagundua sababu: kingekuwa upande wa barabarani, mume angekuwa anaingia kila mara. Tena anamhimiza mumewe ashinde bustanini, eti kwa afya yake! Mwanamke yeyote wa kwetu aliyewahi kumtuma mume sokoni ili apumue atacheka. Na ni hukohuko Hunsford ndiko Darcy anakomwomba Elizabeth uchumba mara ya kwanza. Bila Charlotte kuolewa na mpumbavu, safari ile isingekuwapo.

Kuhusu Jane Eyre, kitabu cha Charlotte Brontë cha mwaka 1847, nitasema machache, kwa sababu huwa kinanikasirisha. Bertha Mason, mke halali wa Rochester kutoka Jamaika, amefungiwa ghorofa ya juu wakati Jane anajiandaa kuolewa na mwanamume huyohuyo, na sisi tumefundishwa kumwogopa. Usiku mmoja, harusi ikiwa imekaribia, anaingia chumbani mwa Jane, anajaribu shela ya bibi harusi, kisha anairarua vipande viwili. Jane hamgusi. Anamgeukia mwenye shela, anamtazama, anaondoka. Katika nyumba yote ile yenye watumishi na siri, Bertha ndiye pekee aliyejaribu kumwonya, na hakuwa na njia nyingine ya kusema. Ilipita miaka 119 hadi Jean Rhys, mzaliwa wa Dominika, alipomwandikia kitabu chake mwenyewe. Mwaka wenyewe ulikuwa 1966, uleule wa Lawino. Bertha alipata msemaji. Tina wetu bado.

Fasihi ya pwani nayo ina lake. Mwana Kupona binti Mshamu, karibu mwaka 1858, akiwa mgonjwa, alimtungia bintiye utenzi ambao wengi wanaujua kwa ubeti wa radhi tano: ya Mungu, ya Mtume, ya baba, ya mama, na ya mume ambayo imekaririwa mno. Sipendi mafundisho yake mengi na sitajifanya nayapenda. Ila unaanzaje? “Negema wangu binti.” Msichana anaitwa asogee, akae, aje na wino na karatasi. Basi huyo ni binti anayejua kuandika, na mama anayetunga. Baraza la mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi Julai 2022 na kutaka kifundishwe shuleni. Siku utenzi huu utakapofika madarasani mwetu, naomba walimu wasiugeuze kuwa somo la unyago. Waanze na ule wino.

Kwa wanaosema haya ni macho ya leo tu, kuna Jennifer Makumbi na The First Woman, ya mwaka 2020. Nsuuta na Alikisa ni marafiki tangu utotoni, na wanaapizana waolewe na mwanamume mmoja ili wasitenganishwe. Wanamchagua mume kama njia ya kubaki pamoja! Rafiki yangu mmoja alikitupa kitabu mezani hapo, akasema hakuna wasichana wajinga kiasi hicho. Tulibishana hadi walinzi wakaja kufunga geti. Yeye anashikilia kwamba kiapo kile ndicho kilichowaharibu. Mimi naona hakikuwa cha kijinga: katika ulimwengu ambao msichana angeozwa tu, walitafuta mlango wa pekee uliokuwa wazi, na uhasama wao wa uzeeni unaumiza kwa sababu kile kiapo kilikuwa cha kweli. Kuhusu Miiro, mume mwenyewe, hatukubishana hata dakika moja.