Mabano Yanayowaudhi Watumiaji wa Gentoo

Kati ya vijana wa Mwanza wanaopenda kuchokonoa mfumo wa kompyuta wa Linux, aina yake iitwayo Gentoo inajulikana kwa mambo mawili: ni ya wabishi, na inakula umeme. Kwa kawaida programu haiji ikiwa tayari. Inakompailiwa, yaani inajengwa kutoka kwenye msimbo wake, kwenye mashine yako, na kwa swichi za USE unaamua mwenyewe ije na nini: bluetooth, uchapishaji, sauti, au bila hivyo vyote. Kwa hiyo lawama ninayoisikia sana, kuanzia Kirumba hadi Nyegezi, haishangazi. Mtu ameandika swichi yake kwenye package.use, faili la chaguo zake, ameendesha emerge -pv, amri inayoonyesha kitakachosakinishwa, na swichi ikarudi imezimwa na kufungwa kwenye mabano, mathalani abi_x86_32 (ya programu za biti 32) inayoonekana kama (-32) kwenye orodha ya ABI_X86. Anaiandika tena, mabano yako palepale. Walituambia tuchague, anasema, mbona sasa wanatuchagulia?

Mabano hayo yanasema profaili imeifungia swichi hiyo. Ikiwa imewashwa ndani ya mabano, basi imelazimishwa. Profaili ni ule msingi uliouchagua siku ya kwanza, kama default/linux/amd64/23.0, nao hurithi maamuzi ya profaili nyingine zilizo juu yake. Faili zake za use.mask (za kufungia) na use.force (za kulazimisha) zina nguvu kuliko package.use yako.

Wanaolalamika si wajinga. Profaili inaandikwa na watu usiowajua, na uamuzi wao unakugharimu wewe. Machi 2024 zilipotoka profaili za 23.0, maelekezo ya kuhama yaliishia kwenye kukompaili upya kila kitu kilichomo kwenye mashine. Ukishapitia hayo, halafu ukakuta na swichi uliyoitaka imefungiwa, una haki ya kununa.

Lakini hebu tupige hesabu, maana nadhani hapa ndipo watunzaji wa Gentoo wanapoonewa. Pakeji yenye swichi 10 ina michanganyiko 1,024. Ikiwa nazo 20, na zipo pakeji zenye zaidi ya hizo, michanganyiko inafika 1,048,576. Tuseme kila mmoja unakompailiwa kwa dakika 10, na huo ni ukarimu. Kuijaribu yote ni karibu miaka 20, mashine ikiwaka usiku na mchana bila umeme kukatika. (Tusiizungumzie sehemu hiyo ya mwisho kwa hapa kwetu.) Na hiyo ni pakeji moja, toleo moja, aina moja ya prosesa. Ukifungia swichi moja tu, unabaki na 524,288. Nusu nzima imeondoka kwa mstari mmoja kwenye faili. Ni kweli hakuna anayejaribu michanganyiko yote, na hawezi kuwepo. Kwa hiyo kazi iliyobaki kwa mtunzaji ni kuweka alama pale anapojua kabisa kwamba njia imekatika.

Kuna mahali imekatika kweli. Hiyo abi_x86_32 inafungiwa kwenye profaili ya no-multilib, ile ya biti 64 pekee, kwa sababu mashine iliyojengwa hivyo haina glibc, maktaba ya msingi ya mfumo, ya biti 32. Ungeachiwa swichi wazi, ungeiwasha kwa furaha na usipate programu. Utaratibu huohuo unafanya kazi mahali ambapo hakuna anayenung'unika: profaili ya base, inayorithiwa na nyingine, hufungia swichi zote za prosesa za x86 (za Intel na AMD), kisha ile ya amd64, yaani x86 ya biti 64, inazifungulia. Sijawahi kumsikia mwenye Raspberry Pi akidai SSE, maagizo ya prosesa za x86, kwenye prosesa yake ya ARM.

Watu wanadhani kufungia swichi ni kupunguza tu. Tangu EAPI 5, toleo la mwaka 2012 la kanuni za kuandika pakeji za Gentoo, kuna faili iitwayo package.use.stable.mask. Chukua pakeji iliyokwisha kuthibitishwa kuwa imara, ila swichi yake moja inavuta maktaba ambayo bado iko kwenye majaribio. Zamani mtunzaji alibaki na njia kama kuifungia swichi hiyo kwa watu wote, kuizuia pakeji nzima au kuiharakisha ile maktaba. Sasa inafungiwa swichi hiyo peke yake, tena kwa wanaotumia matoleo imara tu. Aliye kwenye ~amd64, yaani matoleo ya majaribio, anaikuta wazi.

Nikirudi kwetu, faida yake inahesabika kwa saa. Kukompaili pakeji nzito kama qtwebengine au LLVM kwenye laptopu ya mtumba yenye betri iliyokufa ni kazi ya usiku kucha. Umeme ukikatika saa nane za usiku, emerge --resume itaruka pakeji zilizokwisha, lakini ile iliyokuwa katikati inaanza moja. Na swichi mbovu iliyoachwa wazi ina tabia mbaya: inaweza kukuacha ukompaili kwa saa tano, halafu iangushe kazi mwishoni kwa kutafuta faili ambayo haipo. Bando lililoleta msimbo limekwisha, luku imepungua, na programu huna. Mimi ninakubali kukataliwa mapema.

Isitoshe, mlango haujapigwa misumari. Chini ya /etc/portage/profile unaweza kuweka package.use.mask yako, ukaandika jina la pakeji na swichi yenye alama ya kutoa mbele yake, nayo inafunguka. Ikivunjika ni yako, hutarajii mtunzaji akufanyie kazi. Kwenye no-multilib hata hiyo haitakusaidia, maana biti 32 hazipo kwenye mashine.

Pale ninapokubaliana na walalamikaji ni kwenye ukimya. Pakeji nzima ikifungiwa, emerge inakuchapia sababu iliyoandikwa na aliyeifungia. Swichi ikifungiwa, unapewa mabano. Sababu mara nyingi ipo, pamoja na tarehe na jina la aliyeiandika, lakini ipo kama maelezo ndani ya faili zilizoko /var/db/repos/gentoo/profiles, na mtumiaji mgeni hajui hata pa kuanzia kutafuta. Mimi hutumia amri ya kutafuta maandishi, grep -r, na jina la swichi kwenye saraka hiyo, na kwa kawaida jibu liko mistari miwili mitatu juu ya pale inapotajwa.