Mizani chini ya mkungu

Kwetu ni Kiuyu, wilaya ya Micheweni, kaskazini ya Pemba. Mtu akisikia Pemba hukumbuka karafuu, lakini karafuu ni neema ya wenzetu wa magharibi na katikati ya kisiwa, kwenye vilima na mabonde yenye udongo mzuri. Sisi tuko maweni. Mkarafuu haustawi huko. Tunatia muhogo na mtama kwenye vidimbwi vya udongo kati ya mawe, tunagonga kokoto, tunavua, na tangu mwisho wa miaka ya 1980 mama zetu wanalima mwani.

Huu ni mwaka wa nane niko Coventry, Uingereza, nahudumia wazee majumbani mwao. Nikipiga simu nyumbani, ndugu zangu huniambia nisirudi, huko hakuna kitu. Nikikaa na Wazanzibari wenzangu hapa, wapo wanaoapa kwamba Ulaya ni utumwa tu na heri kula muhogo kwenu. Sikubaliani na upande wowote, na kilichonifanya nifikiri hivi ni huo mwani.

Asiyeulima hajui kazi yake. Siku za bamvua, maji yakikupwa sana, kina mama hushuka pwani na mbegu kwenye polo, yaani gunia. Kamba imetandwa baina ya vigingi viwili, na kila kipande cha mbegu hufungwa kwa taitai, kijikamba chembamba, kimoja kimoja, mgongo umeinama, jua linapiga juu na linarudi tena kutoka kwenye maji. Mama ana macho mekundu siku zote kwa ajili hiyo. Baada ya wiki sita hivi anavuna, anabeba kichwani kilo za maji na chumvi, anaanika. Kilo saba au nane mbichi zikikauka hubaki moja. Mvua ikinyesha kabla mwani haujakauka, rangi inaharibika na bei inashuka. Nina umri wa miaka kumi nilikuwa nalala na sikio moja wazi, nikisikia tone la mvua juu ya bati natoka mbio na turubai.

Halafu bahari yenyewe imebadilika. Zamani mama alilima kotonii, aina ya mwani yenye bei nzuri zaidi. Maji yalipozidi joto ikawa inageuka nyeupe, inanyauka, inakatika na kuondoka na mkondo. Akarudi kwenye spinosamu, aina nyingine inayovumilia lakini haina bei. Nilipokuwa nyumbani mara ya mwisho kilo kavu ilikuwa shilingi 600.

Sasa nielezeni. Mwezi wa Aprili 2025 kima cha chini cha mshahara Uingereza kilifika paundi 12.21 kwa saa. Kwa pesa zetu ni zaidi ya shilingi elfu 35. Najua hapa kodi ya nyumba inameza nusu ya mshahara, najua gharama za joto wakati wa baridi, sisemi kwamba natajirika. Ninachokionea wivu kwa niaba ya mama ni kingine. Mwaka wangu wa pili, karatasi yangu ya mshahara ilipungua saa tatu. Niliandika barua fupi, kwa Kiingereza changu kibovu cha wakati ule, nikaweka tarehe na saa nilizofanya kazi. Mwezi uliofuata nikalipwa zote na kuombwa radhi. Mimi, mgeni, mwanamke, nisiyemjua mtu. Nilikaa kwenye ngazi za nyumba nikalia, maana nilimkumbuka mama.

Nilimkumbuka kwa sababu niliwahi kumuuliza, "Mama, polo hili walisema kilo ngapi?"

"Thalathini na nne."

"Wewe uliuona mshale?"

"Mwanangu, mizani iko upande wao."

Miaka yote hiyo alikuwa anauza kitu ambacho hajawahi kukipima mwenyewe. Nikiwa dukani hapa huwa nageuza vikopo vya maziwa ya chokoleti na krimu nisome vilivyomo. Mara nyingi nakuta E407. Hiyo ndiyo namba ya ute unaotolewa kwenye mwani kama wa kwetu, unaogandisha na kulainisha chakula. Sijui kama ni wa mama au wa mwanamke mwingine wa Ufilipino au Indonesia, lakini kila nikiiona ile namba nahisi nimekutana na mtu wa nyumbani. Mwani wetu unatoka Pemba mkavu, kwenye mapolo, na thamani yake inaongezwa mbele ya safari. Ndiyo maana habari za kiwanda cha mwani cha Chamanangwe, huko huko Pemba, nilizipokea kwa furaha kubwa, na naomba Mungu kikidhi haja ya wakulima, si ya ghala tu.

Upande wa pili nao una haki yake. Hapa wamepima hata kisichofaa kupimwa. Ziara zangu nyingine kwa wazee ni dakika 15. Simu inasoma nimeingia saa ngapi na nimetoka saa ngapi. Kuna bibi mmoja alinishika mkono nikiwa mlangoni akaniomba nimalizie chai naye, na nilikuwa nimebakiwa na dakika mbili. Nilikaa. Lakini si kila siku naweza kukaa. Mama alipougua homa mwaka juzi, nyumba ilijaa watu wiki nzima. Huyu kaleta uji, yule kamfulia, mwingine kaenda kumsimamia kamba zake baharini asipoteze mavuno. Hakuna aliyeangalia saa. Hili Coventry siwezi kulinunua kwa mshahara wowote.

Kwa hiyo wenzangu mnaojenga nyumba za vyumba sita kule zikae zimefungwa, nawasihi: kabla ya bati la rangi, wanunulieni kina mama mizani. Nilipokwenda safari iliyopita nilinunua moja ya kutundika, nikanunua na daftari. Tukaitundika kwenye tawi la mkungu nyuma ya nyumba, wakaja majirani na mapolo yao. Mara ya kwanza mama alisimama mbele yake muda mrefu, akaweka polo, akaondoa, akaweka tena, akiangalia mshale unarudi pale pale.

Juzi usiku alinitumia ujumbe wa sauti. Nyuma yake nawasikia wanawake wakisomeana namba. "Leo tumepima mapolo sita kabla hayajatoka. Thalathini na tisa, arubaini na moja, thalathini na nane... daftari limejaa, mwanangu, tunaandika kwa mkaa ukutani. Mnunuzi anakuja kesho."