Maduara ya Mfangano kwenye Tableti

Juzi kijana mmoja hapa Kisumu alinionyesha picha ya mashua aliyoipiga ufukweni Dunga. Alikuwa amebonyeza kitufe kimoja kwenye programu, na mawimbi ya ziwa letu yakageuka ya Kijapani, yenye povu la makucha kama lile la picha maarufu ya wimbi ya Hokusai, mchoraji wa Japani wa zamani. Ilipendeza. Nikamuuliza kwa nini rangi ni chache, na kwa nini kila rangi ina mpaka wake. Hakujua.

Jibu liko kwenye mbao. Wimbi lile la Hokusai, la mwaka 1831 hivi, lilichongwa kwenye mbao na kupigwa chapa, rangi moja baada ya nyingine. Kuongeza rangi kulikuwa kuongeza kazi ya mchongaji na ya mpiga chapa. Basi walichagua kwa makini. Na ile buluu kali asili yake ni Ulaya, kwa hiyo simkatazi mtu kuazima cha mbali.

Ninachokataa ni kuazima sura na kuacha kazi iliyoizaa. Mtindo wa kale ulitokana na vifaa vya wakati wake, na anayeutaka akubali kubanwa navyo. Mimi nikichora kwa Krita, programu ya kuchorea, kwa mtindo wa chapa za mbao, najiwekea leya (matabaka ya picha) nne, kila leya rangi moja, na brashi laini siigusi.

Linaloniuma zaidi ni kwamba Japani tunaijua, kisiwa cha Mfangano, humu ziwani kwetu, hatukijui. Ukifika Mbita, ni safari ya boti tu. Huko, kwenye mapango ya Mawanga na Kwitone, kuna maduara mekundu na meupe yaliyochorwa kale kwenye mwamba, duara ndani ya duara, mengine yenye miale, yanayosemekana kuwa ya Watwa waliokuwa wakiwinda huku kabla yetu. Busia nako kuna mwamba wa Kakapel, wenye michoro ya ng'ombe pia. Rangi mbili basi! Lakini jicho halichoki, kwa sababu jiwe lenyewe lina mabonde na vifundo, na rangi inalifuata.

Skrini haina vifundo. Hapo nilihangaika sana. Mwishowe nilikwenda Kit Mikayi, kwenye yale majabali makubwa karibu na Kisumu, nikapiga picha za ngozi ya mawe yale kwa karibu, nikaziweka leya ya chini kabisa, kisha nikaifanya rangi ififie kila palipo na chembe kubwa. Bango la kwanza nililolichora hivyo lilikuwa la mama mmoja muuza samaki: ngege mmoja, jiko, moshi, kwa nyekundu na nyeupe pekee. Alilitazama muda mrefu. "Mwanangu, huu ni ukuta wa nyumba ya dani," akasema. Alikuwa akikumbuka udongo wa rangi ambao nyanya yake alisiriba nao nyumba.

Maduara yenyewe sikuyanakili. Mawanga panahusishwa na tambiko za mvua, na alama ya tambiko si pambo la fulana wala la chupa ya soda. Nimejifunza namna mkono ule ulivyopita juu ya jiwe, na hiyo inanitosha.

Yule kijana ameanza upya mashua yake, kwa rangi mbili. Jumamosi tunakwenda naye Mbita tupande boti. Nimemwambia abebe daftari na penseli, tableti aiache nyumbani.