Asilimia ya Ngapi?

Kura 1,421. Hiyo ndiyo asilimia 0.01 ya kura halali za urais zilizopigwa nchini Kenya tarehe 9 Agosti 2022. Si kura 142,000. Hata hivyo 142,000 ndiyo tarakimu iliyopeperushwa hewani siku moja baada ya matokeo kutangazwa, ikasambaa kwenye simu za watu, ikabishaniwa vilabuni na kwenye matatu, na hadi leo wapo wanaoitaja kama ushahidi.

Kisa hiki nakichukua kwa makusudi, kwa sababu kinaweza kukaguliwa na mtu yeyote mwenye simu yenye kikokotoo. Tarehe 15 Agosti, pale Bomas, ukumbi wa Nairobi kura zilikojumlishiwa, marehemu Wafula Chebukati, aliyekuwa mwenyekiti wa tume ya uchaguzi, IEBC, alitangaza kwamba William Ruto amepata kura 7,176,141 (asilimia 50.49), marehemu Raila Odinga 6,942,930 (48.85), George Wajackoyah 61,969 (0.44) na David Mwaure 31,987 (0.23). Kesho yake makamishna wanne, wakiongozwa na makamu mwenyekiti Juliana Cherera, wakasema asilimia hizo zikijumlishwa zinafika 100.01, na kwamba ile 0.01 iliyozidi ni kura zipatazo 142,000, ambazo zingeweza kubadilisha matokeo.

Nusu ya kauli hiyo ni kweli. Jumlisha asilimia zile nne, utapata 100.01. Sasa rudi kwenye kura zenyewe. Jumla yake ni 14,213,027. Ukigawanya bila kufupisha desimali, Ruto ana 50.4899, Raila 48.8491, Wajackoyah 0.4360 na Mwaure 0.2251. Ili zibaki desimali mbili, kila moja ilikadiriwa, na ikatokea kwamba zote nne zilikwenda juu. Kwa Ruto nyongeza hiyo ni sawa na kura 16 hivi, kwa Raila 134, kwa Wajackoyah 568, kwa Mwaure 703. Zijumlishe: 1,421. Hiyo ndiyo 0.01 iliyozua kelele zote zile. Tena si kura zilizomo ndani ya sanduku lolote. Hesabu ya kila mgombea ilibaki vilevile, na kilichovimba ni asilimia zilizoandikwa kando yake.

Kwa nini 142,000 iliwaingia watu haraka hivyo? Kwa sababu Katiba inamtaka mshindi apate zaidi ya nusu ya kura, na Ruto alikuwa ameipita nusu hiyo kwa kura kama 69,600 tu. Ukiamini kuna kura 142,000 za ziada, mara mbili ya pengo hilo, basi duru ya pili inakuwa ni lazima. Nukta ya desimali ilihama nafasi mbili, ikaangukia mahali hasa ambapo upande mmoja wa siasa ulikuwa na njaa. Sidai kwamba kosa lile lilipangwa. Ninachosema ni kwamba kosa linalomfaa mtu halikosi wa kulibeba.

Lawama yangu haiendi kwa makamishna kwanza. Inaenda kwa vyumba vya habari. Kauli ilikwenda hewani moja kwa moja, jambo ambalo halikuepukika, lakini hesabu ya kuipima huchukua chini ya dakika moja: 14,213,027 mara 0.01, gawanya kwa 100. Mhariri yeyote angeweza kuifanya kabla maandishi ya chini ya skrini hayajabadilika. Badala yake habari ikaingizwa kwenye kinu cha kawaida cha kampeni: mrengo huu unadai, mrengo ule unakanusha, mwakilishi wa Azimio, muungano wa Raila, apewe dakika tano, wa Kenya Kwanza, muungano wa Ruto, dakika tano, kisha mtangazaji ageukie kamera na kusema mjadala unaendelea. Hakukuwa na mjadala. Kuzidisha hakuna mirengo. Mwandishi anapogawa muda sawa kati ya hesabu sahihi na hesabu mbovu anajiona ametenda haki, kumbe amempa mwenye makosa nusu ya meza. Majaji wa Mahakama ya Juu walipoidhinisha ushindi huo kwa kauli moja tarehe 5 Septemba, wiki tatu zilikuwa zimepita na watu walishachagua la kuamini.

Propaganda ya msimu wa uchaguzi huku kwetu mara chache hutumia tarakimu za kubuni. Hutumia tarakimu ya kweli iliyong'olewa kwenye shina lake, yaani ile jumla inayotumika kugawia. Chukua 50.49 yenyewe. Ni asilimia ya kura halali. Ukiigawanya idadi ileile ya kura za Ruto kwa wapiga kura wote waliosajiliwa, 22,120,458, unapata 32.4. Basi mfuasi ataandika "zaidi ya nusu ya Wakenya walimchagua," mpinzani ataandika "theluthi mbili hawakumchagua," na kila mmoja atakuwa na kikokotoo kinachomuunga mkono. Wote wawili wamewanyima wasomaji neno moja: ya ngapi. Kisheria shina ni kura halali, na hilo halina utata tangu Mahakama ya Juu ilipolifafanua mwaka 2013.

Ufafanuzi huo wenyewe ulitokana na vurugu ya tarakimu. Mwaka 2013 skrini za Bomas zilionyesha kura zilizokataliwa zikipita laki tatu, na wanasiasa wakaanza kubishana kama zihesabiwe katika jumla, kwa kuwa shina likipanuka asilimia ya kila mgombea inashuka. Baadaye IEBC ikaeleza kwamba hitilafu ya programu ilikuwa ikizidisha kura zilizokataliwa mara 8. Lakini hoja ilikuwa imeshajengwa juu ya namba ya skrini. Uhuru Kenyatta alitangazwa na asilimia 50.07, ushindi mwembamba kiasi kwamba swali la shina lilikuwa na uzito wa nchi nzima. Nani kati ya watangazaji waliosoma laki tatu zile kila nusu saa alijiuliza kwa nini zimekuwa nyingi kiasi hicho? Alama ya hatari ilikuwa mbele ya macho yao.

Kura za maoni nazo ni hivyohivyo. Kenya ina sheria ya mwaka 2012 kuhusu uchapishaji wa kura za maoni, na inataka matokeo yaandamane na maelezo: nani amelipia, watu wangapi wamehojiwa, lini, kwa swali gani, na kiwango cha makosa ni kipi. Aghalabu kinachobaki kwenye kichwa cha habari ni majina mawili na asilimia mbili. Mwanzoni mwa Agosti 2022 kampuni ya utafiti ya Ipsos ilimpa Raila 47 na Ruto 41. Vichwa vikasema Raila aongoza kwa 6. Jumlisha 47 na 41: ni 88. Zile 12 zilizobaki, za wagombea wadogo, wasioamua na waliokataa kujibu, zilikuwa mara mbili ya uongozi wenyewe, na hazikupata kichwa cha habari. Matokeo yalipotoka, Raila alikuwa na 48.85, si mbali na alipowekwa. Aliyesogea ni Ruto, kutoka 41 hadi 50.49. Watu wakasema watafiti walidanganya. Mimi naona kosa kubwa zaidi lilikuwa la waliosoma zile 12 kana kwamba hazipo, au kana kwamba zingegawanyika nusu kwa nusu. Mtu anayekataa kumwambia mtafiti atampigia nani mara nyingi ameshaamua.

Halafu kuna mchezo wa kaunti. Utafiti wa watu 2,000 una kiwango cha makosa cha asilimia 2.2 hivi kwa kila upande, na pengo kati ya wagombea wawili lina makosa yanayokaribia mara mbili ya hapo. Hilo linavumilika. Ila gazeti likitaka ramani yenye rangi, litawagawa watu haohao 2,000 kwa kaunti 47, wastani wa watu 43 hivi kila kaunti. Kwa watu 43 kiwango cha makosa kinaruka hadi asilimia 15. Mgombea "aliyepoteza ngome" kutoka 58 hadi 49 katika kaunti fulani huenda hajapoteza hata mtu mmoja. Nikiona ramani kama hiyo bila idadi ya waliohojiwa katika kila kaunti, siisomi.

Vichwa vya habari vina msamiati wake, na anayeusikia kila siku huacha kuuona. "Pigo kwa Ruto," "afueni kwa Raila," "wimbi latikisa Mlima," yaani eneo la Mlima Kenya. Ukifungua habari unakuta diwani mmoja amehama chama. Neno pigo halina kipimo, na ndiyo maana linapendwa. Kuna pia huyu anayeitwa mchanganuzi wa siasa. Anakaa studioni usiku, cheo chake kimeandikwa chini ya kidevu chake, na mtazamaji haambiwi kwamba mchana alikuwa kwenye kamati ya mikakati ya mrengo mmoja. Dawa ni maneno mawili ya ziada kwenye skrini. Kuhusu picha za umati nitasema hili tu: uwanja wa kandanda ni kama mita za mraba 7,100, na hata ukiwabana watu wanne kila mita hawafiki 29,000. Anayekuambia laki tatu zilijaa uwanja wa shule ameongeza sifuri.

Umiliki nao usisahaulike. Kampuni ya habari ya Standard imehusishwa kwa miaka na familia ya Moi, ile ya Mediamax na familia ya Kenyatta, na mwaka 2022 Gideon Moi na Uhuru Kenyatta walikuwa Azimio. KBC ni ya serikali. Machi 2024 taasisi za serikali ziliagizwa kupeleka matangazo yao ya redio na runinga KBC peke yake, na kila meneja wa kituo binafsi alielewa maana yake. Hayo hayathibitishi kwamba habari fulani ni uongo, lakini yanaeleza kwa nini hesabu fulani hufanywa upesi na nyingine husubiri.

Linaloniuma zaidi ni usiku ule wa kujumlisha kura mwaka 2022. IEBC ilikuwa imefanya jambo kubwa: ilipakia fomu 34A za karibu vituo vyote 46,229 kwenye tovuti ya wazi. Fomu 34A ndiyo karatasi inayojazwa kituoni, mbele ya maajenti, kabla picha yake haijatumwa kwa kutumia KIEMS, kifaa cha kielektroniki cha tume. 34B ni ya eneobunge, 34C ya taifa. Yaani kila chombo cha habari kilikuwa na karibu matokeo yote mkononi kabla ya kutangazwa. Lakini zilikuwa picha, si jedwali, hivyo makarani walilazimika kuzisoma na kuingiza tarakimu kwa mkono. Kila kituo cha runinga kikaanza kwa mpangilio wake. Aliyeanza na Bonde la Ufa alimwona Ruto mbele. Aliyeanza na Nyanza alimwona Raila. Saa ileile, nchi ileile, skrini mbili zikatangaza viongozi wawili tofauti. Zote zilikuwa sahihi kwa fomu zilizokuwa zimeingizwa, na zote zilipotosha, kwa sababu hazikusema ni fomu za wapi. Kisha kasi ikapungua, na ujumlishaji ukasimama kabla ya kufika mwisho. Ukimya ule ulizaa uvumi kuliko kosa lolote la hesabu. Nchi iliyokuwa na karibu fomu zote hadharani ikabaki kumtazama mtu mmoja jukwaani, na picha za fomu zilizochezewa zikajaza nafasi iliyoachwa wazi.

Uchaguzi ujao ni tarehe 10 Agosti 2027. Nataka skrini ya kila runinga usiku huo ionyeshe mambo matatu kando ya kura: fomu ngapi zimeingizwa kati ya ngapi, asilimia ya fomu zilizoingizwa katika kila kaunti, na jumla ya kura halali inayotumika kugawia. Nataka pia ahadi ya maandishi, kabla ya siku ya kupiga kura, kwamba ujumlishaji hautasimama. Wasituambie kazi ni kubwa mno. Karani akitumia dakika mbili kwa fomu moja, fomu 46,229 ni saa 1,541. Makarani 100 wanazimaliza kwa chini ya saa 16. Kila fomu ikiingizwa mara mbili na watu wawili tofauti, ili tarakimu zisipolingana fomu ifunguliwe tena, ni saa 31. Vyombo vitano vikigawana makarani, kila kimoja kinatoa watu 20.