Mti Ukilala Uani, Mtaa Mzima Mafundi

Mvua ya Januari huku Mbeya haipigi hodi. Inateremka na upepo kutoka mlima Loleza, robo saa tu, na mparachichi uani umeshachanika mapacha, mkaratusi umeng'oka ukalala. Asubuhi, chai haijachemka, uani pamejaa wataalamu. Mti uliposimama hakukuwa na wa kuufagilia hata majani. Umelala, una wajomba!

Wa kwanza huja na panga. Tawi nene kama paja, yeye analipiga kutoka juu, pa, pa, pa, mpaka lishuke kwa uzito wake na kuchuna ganda la shina hadi chini. Kidonda cha kiganja kimekuwa cha mita nzima. Gwe, msumeno upo! Tawi zito hukatwa mara tatu. Kwanza kwa chini, kama sentimita 30 kutoka kwenye shina, uingie theluthi tu. Ukizidisha, tawi linakubana msumeno na utabaki kuning'inia nao kama popo. Pili kwa juu, sentimita 5 hivi nje zaidi, lianguke lenyewe. Tatu ndipo ukate kipande kilichobaki, ukiuacha ule uvimbe wa shingoni, pale tawi linapotokea kwenye shina. Uvimbe huo ndio unaoziba kidonda. Lakini mjomba anaukata "ili papendeze". Papendeze kwa nani, kwa mchwa?

Wa pili ana kopo la oili chafu. Nguzo ya uzio, oili chafu. Mlango, oili chafu. Sasa na mti! Mti si nguzo, uko hai, na oili inaua ganda bichi la pembeni ambalo ndilo lingefunika jeraha. Kidonda kiache wazi. Kama mkono unawasha kupaka, chukua chokaa upake shina na matawi yaliyobaki bila kivuli, maana ganda la mparachichi likizoea kivuli halafu likapigwa jua ghafla, linaungua.

Wa tatu anadai mti uliong'oka unasimamishwa. Mkaratusi wa miaka ishirini? Huo ni kuni, tuelewane. Kinachosimama ni mti mdogo, shina lisilozidi sentimita 10, mizizi ya upande mmoja ikiwa bado imeshika ardhi. Funika mizizi na gunia bichi, chimbua chini yake ipate pa kurudi, kata safi iliyochanika, uinue taratibu siku hiyohiyo. Egemeza kwa vigingi vitatu, funga kwa mpira wa tyubu, ulegee kidogo. Waya unakata shingo. Lakini mjomba ameshafunga kamba kwenye bampa la gari na anauliza kama avute.

Halafu watoto! Mti mkubwa ukilala na bonge la mizizi na udongo, chini kunabaki shimo, na wao wamo humo wanapika chakula cha mchezo. Shina likikatwa, uzito uliolivuta bonge umeondoka. Linaweza kurudi shimoni kwa kishindo, bila kutoa onyo. Toa watoto kwanza, ndipo uwashe mashine. Na kama tawi limegusa waya wa umeme, hakuna fundi hapo: wote rudini nyuma mita 10 na zaidi, apigiwe TANESCO, panga lirudi kwao.

Jioni mkaratusi hauonekani. Wamesema "ndaga fijo", yaani asante sana, wakaubeba wote, na mwenye mti ameachiwa matawi ya mparachichi, mabichi, yanayotoa moshi kuliko moto. Angalau wangeambizana waupasue ungali mbichi; ukikauka shoka linadunda.

Maparachichi machanga nayo yameondoka, ndoo mbili. Wiki ijayo watakuja kulalamika kwamba hayaivi, yamenyauka na kuwa mpira. Parachichi lililoanguka kabla ya kukomaa halilainiki, hata ulifunike na pumba mwezi mzima. Watauliza kama yapo mengine.