Kilele cha Alhamisi, Tope la Mkanda

Kwa hesabu yangu bei ya hisa zangu ingefika kileleni Alhamisi, na Alhamisi hiyo hiyo tulikuwa na harusi Faza, kisiwani Pate.

Nahodha alitaka tuondoke Amu, yaani Lamu, saa moja asubuhi, maji yakiwa yamejaa pomoni. Mwezi ulikuwa wa kumi na saba, bamvu bado lina nguvu: likijaa hujaa kweli, likipwa huacha nchi kavu. Na Mkanda, ule mlango mwembamba wa mikoko nyuma ya Manda, haukungoji.

"Ami, nipe muda kidogo tu. Soko la Nairobi lifunguliwe nione bei."

Akaniangalia, akaiangalia bahari, akanyamaza. Shangazi, aliyepakata beseni la mahamri ya harusi, hakunyamaza.

Nilikuwa na sababu zangu. Miezi mitatu nilikuwa nikinakili bei za kufunga za kampuni moja, safu moja kwa kila siku ya soko. Kila safu niliipa wastani wa siku 21, yaani siku yenyewe, 10 za kabla na 10 za baada, kisha nikatoa wastani huo kwenye bei. Kinachobaki hupanda na kushuka kama mawimbi, nawe unapima kutoka bonde hadi bonde. Mabonde yangu yalipishana kwa safu kama 21. Soko hufanya kazi siku 5 kwa wiki, kwa hiyo safu 21 ni siku 29 za kalenda. Siku 29! Mwezi mwandamo mzima! Nilipoona hivyo sikulala.

Ila wastani wa namna hiyo una kasoro moja. Safu 10 za mwisho hazina wastani, kwa kuwa siku za baada yake hazijafika. Ukitaka kujua leo ni bonde au mteremko, hapo ndipo hesabu inapokatika. Mimi niliiongezea mkia kwa kalamu ya risasi, ukapinda vizuri kwenda juu, na juu ya mkia huo nikanunua hisa 500 kwa shilingi 20.40, siku ya Jumatatu.

Kutoka bonde hadi kilele ni nusu ya wimbi, safu 10. Nikazihesabu kwenye kalenda ya ukutani, Jumamosi na Jumapili zikiwemo, nikaangukia Alhamisi. Safu 10 za soko zingenifikisha Jumatatu ya wiki ya tatu. Kosa hilo nililigundua baadaye, nikiwa na muda mwingi sana wa kugundua.

Soko likafunguliwa, bei ikaanza 21.15. Sikuuza. Kilele bado, nikasema, tusubiri jioni. Tukatweka.

Saa nne kasorobo mashua ikakwaruza chini, ikasukumwa, ikakwaruza tena, ikalala ubavu katikati ya Mkanda. Mikoko kulia, mikoko kushoto, kaa wanatuchungulia. Simu haina hata mstari mmoja wa mtandao.

"Tutanyanyuka lini?" nikauliza.

"Yalijaa saa moja, yatapwa mwisho saa saba na kitu. Tumekwama muda wa saa tatu na kitu kabla ya hapo, tutaelea muda huo huo baada ya hapo. Saa kumi na nusu." Hakushika kalamu.

Soko hufungwa saa tisa.

Jua lilipochachamaa na mahamri kuanza kupungua (bibi harusi atusamehe), nilifungua jedwali langu, maana lenyewe halihitaji mtandao. Mwana wa nahodha alikuwa akirusha shilingi ishirini kujipumbaza. Nikamwambia airushe mara 200. Ikija ndovu, naongeza moja. Ikija ngao, napunguza moja. Kisha nikatoa wastani ule ule wa 21.

Yakatoka mawimbi. Mabonde mazuri, vilele vimepangika, urefu unaokaribia ule wa hisa zangu.

Nahodha akachungulia. "Hii kampuni gani?"

"Hii ni shilingi yako, ami."

Mrusi mmoja, Eugen Slutsky, alishalionyesha jambo hili mwaka 1927: chukua namba za bahati nasibu, zipitishe kwenye wastani, utapata mawimbi. Dema, ule mtego wa samaki, lenye matundu ya changu litakuletea changu, nawe utasema bahari imejaa changu tu. Tena miezi mitatu ndiyo yote niliyoinakili, na mabonde yenyewe hayakuzidi matatu.

Nikapiga na hesabu niliyopaswa kuianza. Wakala wangu hukata karibu asilimia 2 nikinunua, na karibu 2 tena nikiuza. Hisa 500 kwa 21.15 zilinipa faida ya shilingi 375, na makato ya pande mbili ni kama 415. Yaani niliichelewesha harusi nzima ili nisubiri kuuza kitu ambacho hata asubuhi kingenipa hasara ya shilingi 40.

Saa kumi na nusu mashua ikaanza kutikisika. Saa kumi na dakika thelathini na tano tukaelea. Nahodha hakusema neno, alinionyesha saa yake tu.

Faza mtandao ukarudi: bei ilifungwa 20.25. Shangazi akaliinua beseni, likawa na mahamri manne.

"Na ishirini yangu?" akauliza nahodha.

Ilikuwa topeni. Ilimponyoka mtoto kwenye rusho la 200, hatukuona ilitua upande gani. Nami nilikuwa nimeandika ndovu, kwa kuwa pale grafu ilihitaji kilele.