Mwongozaji anayefundisha: jukwaa la Bagamoyo limempoteza au limempata?

Miongoni mwa wapenzi wa maigizo mjini Bagamoyo husikika lalamiko kwamba mwigizaji hodari akishaajiriwa kufundisha, jukwaa limempoteza. Wanaolipinga hujibu kwamba bila mwalimu huyo hapangekuwa na waigizaji wa kulalamikiwa. Nadhani pande zote mbili zinatenganisha mambo ambayo historia ya mji huu iliyaunganisha zamani. Vikundi vya taifa vya sanaa vilipovunjwa mwaka 1980 na Chuo cha Sanaa kikaanzishwa hapa mwaka uliofuata, baadhi ya wasanii wa vikundi hivyo waligeuka walimu. Tangu hapo jukwaa kuu la mji limekuwa la chuo hicho, ambacho leo tunakijua kama TaSUBa (Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo), na anayetoka jukwaani kwenda darasani hajatoka nje ya ua.

Hata hivyo lalamiko lina uzito. Mwongozaji anayefundisha hupokea wanafunzi wapya kila mwaka, huwazoeza hadi sauti zao zifike safu ya nyuma bila kupayuka, kisha wanahitimu na kuondoka, wengi wao wakielekea Dar es Salaam kwenye filamu na televisheni. Anaweza kufanya kazi miaka ishirini akiwa ameanza upya mara ishirini, bila kupata kundi la watu waliokomaa pamoja. Kinjeketile, mhusika mkuu wa tamthilia ya Ebrahim Hussein kuhusu Vita vya Maji Maji, kwa mfano, ni mtu anayelitilia shaka neno lake mwenyewe wakati watu wameshalishika. Kijana anaweza kuyakariri maneno yake yote kwa ufasaha na bado asiufikie uzito huo.

Lipo jambo jingine ambalo husemwa mara chache, nami naliona zito zaidi. Mwongozaji huyo ndiye anayetoa alama. Mwanafunzi anayeamini kwamba onyesho limeelekezwa vibaya atasita kusema, na mwongozaji asiyepingwa mazoezini hudumaa pole pole, hata akiwa na kipaji kikubwa na nia njema.

Upande wa pili una ushahidi ambao siwezi kuupuuza. Amandina Lihamba amekuwa mwigizaji, mwongozaji, mwandishi na profesa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Aliandika tamthilia ya Hawala ya Fedha kutokana na kazi ya Sembène Ousmane, mwandishi wa Senegal, na mwaka 2001 alionekana katika nafasi kuu ya filamu ya Maangamizi, baada ya miaka mingi ya kufundisha. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, yeye na Penina Mlama walikuwa miongoni mwa wahadhiri waliopeleka sanaa za maonyesho Malya, mkoani Mwanza, ambako wanakijiji walichunguza matatizo yao, wakayaigiza na kuyajadili. Kazi ya namna hiyo inadai subira ya mwalimu na jicho la mtafiti, kwa hiyo hapo ualimu uliipanua maana yenyewe ya kuongoza maigizo.

Ila si haki kumtumia mtu mmoja mwenye uwezo wa pekee kama kipimo cha kila mwalimu. Ninavyoona, kinachommaliza mwigizaji ni utaratibu wa kuandaa onyesho kwa ajili ya mtihani au tamasha, likachezwa usiku mmoja au miwili, kisha likazikwa kabla waigizaji hawajajua lilikuwa na nini ndani yake. Ningependa wahitimu wachache wabakizwe kila mwaka kwa malipo, wacheze tamthilia moja kwa miezi kadhaa, na waongozwe na mtu asiye na alama za kuwapa. Humo humo mwalimu wao naye apewe nafasi ya kuigiza chini ya mwongozaji mwingine, akikosea arekebishwe, na wanafunzi wake wawe wamekaa pale pale wakitazama.